"Wengi" ni Akina Nani? Msamiati wa Kura na Mabadiliko ya Mfumo wa Vyama katika Usambara

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi mfumo wa vyama katika eneo moja unavyobadilika chini ya kanuni ya uchaguzi ambayo kwayo mgombea mwenye kura nyingi kuliko wenzake hutwaa kiti, hata kama hakufikia nusu ya kura. Eneo linalochunguzwa ni Wilaya ya Lushoto na Milima ya Usambara kwa jumla. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, idadi ya viti haitoshi kuonyesha mabadiliko ya mfumo wa vyama. Sharti mtafiti atazame pia mahali ushindani unapofanyika. Pili, neno "wengi" la Kiswahili limebeba maana mbili ambazo zilikwenda pamoja wakati wa chama kimoja na zikaachana baada ya 1992, na mgongano huo una athari katika namna raia anavyoelewa thamani ya kura yake.

1.0 Utangulizi

Tangu Tanzania iliporejea katika mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, mijadala mingi kuhusu uchaguzi imejikita katika takwimu za taifa. Takwimu hizo ni muhimu, lakini zinaficha jambo moja: nchi haina mfumo mmoja wa vyama. Mpiga kura wa Pemba, wa Moshi, wa Bariadi na wa Mlalo hawakabiliwi na uchaguzi wa namna moja, ingawa karatasi zao za kura zinaandaliwa na tume ileile na kuhesabiwa kwa kanuni ileile.

Usambara ni mfano wenye mafunzo kwa sababu, kwa kutazama viti tu, inaonekana kana kwamba hakuna kilichobadilika. Majimbo matatu ya Wilaya ya Lushoto, yaani Lushoto, Mlalo na Bumbuli, yamewakilishwa bungeni na Chama cha Mapinduzi (CCM) katika chaguzi zote kuu za vyama vingi tangu 1995. Mtu anayesoma orodha ya washindi anaweza kuhitimisha kwamba siasa za milimani zimesimama. Makala hii inadai kwamba hitimisho hilo si sahihi, na kwamba ushahidi wa mabadiliko unapatikana kwa kuchunguza mambo mawili kwa pamoja: historia ya ushindani katika eneo hilo, na msamiati ambao Kiswahili kimetumia kuutaja ushindani huo.

2.0 Misingi ya nadharia

Mwanazuoni Mfaransa Maurice Duverger, katika kitabu chake cha 1951 kuhusu vyama vya siasa, alidai kwamba uchaguzi wa duru moja ambamo mwenye kura nyingi kuliko wenzake hushinda huelekea kuzaa mfumo wa vyama viwili. Alitaja sababu mbili. Ya kwanza inaweza kuitwa athari ya hesabu: chama cha tatu kinaweza kupata kura nyingi kila mahali na kisipate kiti popote, kwa kuwa hakikuongoza popote. Ya pili ni athari ya fikra: wapiga kura wakishatambua kwamba mgombea wao hawezi kushinda, humwacha na kumchagua yule wanayemchukia kidogo kati ya wawili wanaoongoza.

Wafuasi na wakosoaji wa Duverger, akiwemo Gary Cox katika utafiti wake wa 1997, wameisahihisha kanuni hiyo kwa namna iliyo muhimu kwa mjadala huu. Nguvu ya kusukuma kuelekea wagombea wawili hufanya kazi ndani ya jimbo. Hakuna kinacholazimisha kwamba wawili wa jimbo hili wawe wa vyama vilevile vya jimbo la jirani. Kwa hiyo nchi inaweza kuwa na vyama vitano bungeni huku kila jimbo likiwa na viwili tu vyenye uzito, au kimoja.

Mifano miwili inatosha kuonyesha ukali wa kanuni hii. Nchini Kanada, katika uchaguzi wa 1993, chama cha Bloc Québécois kilichosimamisha wagombea katika jimbo la Québec peke yake kilipata asilimia 13.5 ya kura za nchi nzima na viti 54. Chama cha Progressive Conservative, ambacho kura zake za asilimia 16 zilitawanyika kote nchini, kiliambulia viti 2. Karibu zaidi na nyumbani, katika uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa kuwa kura zake zilirundikana katika majimbo machache kwa wingi usiohitajika. Muungano wa ZNP na ZPPP uliunda serikali kwa viti 18. Historia iliyofuata Januari 1964 inajulikana. Mfano wa Zanzibar unathibitisha kwamba suala la nani wahesabiwe kuwa "wengi" linaweza kuamua hatima ya nchi.

3.0 Msamiati wa ushindani

3.1 Kura

Neno "kura" limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni kuamua jambo kwa bahati. Maana hiyo haijafa katika Kiswahili. Watoto wanaogombea kitu hupigishwa kura. Urithi usiogawanyika huweza kupigiwa kura. Katika matumizi hayo ya zamani, kura huondoa ugomvi kwa sababu haipimi nguvu ya mtu yeyote. Kura ya uchaguzi ni kinyume chake: inapima nguvu na kuitangaza hadharani. Kitenzi "kupiga kura" kinabeba maana zote mbili bila kubadilika umbo, na ni muktadha tu unaozitenganisha.

3.2 Jimbo

Wakati wa ukoloni wa Mwingereza, "jimbo" lilikuwa eneo kubwa la utawala. Lushoto ilikuwa wilaya katika Jimbo la Tanga. Baada ya uhuru, nafasi hiyo ya kiutawala ikachukuliwa na "mkoa", na "jimbo" likabaki kuwa eneo la kuchagua mbunge. Nchini Kenya umbo la wingi, "majimbo", lilichukua njia nyingine na kuwa jina la mfumo wa serikali za maeneo uliojadiliwa kwa ukali mwanzoni mwa miaka ya 1960. Neno hilo, basi, lilitoka katika utawala wa kutoka juu likaingia katika uwakilishi wa kutoka chini.

3.3 Mpinzani na mshindani

Kiswahili kinatofautisha "mshindani" na "mpinzani". La kwanza linatokana na "shindana", kitenzi cha kutendana ambacho ndani yake wahusika wote wawili wana hadhi sawa: hakuna anayeshindana peke yake. La pili linahusiana na "pinga", ambalo maana yake ya msingi ni kuweka kitu kwa kukingama njiani ili kuzuia. Kutokana na mzizi huohuo yamepatikana maneno "kipingamizi" na "pingamizi". Vyama vilivyo nje ya serikali vilipoitwa "vyama vya upinzani", vilipewa jina linalowaweka njiani kama gogo. Mgombea wa chama tawala hana jina la namna hiyo. Uteuzi huu wa neno haukufanywa kwa hila, lakini athari yake kimaana ni ya kudumu.

3.4 Wengi

Neno lenye uzito zaidi katika mjadala huu ni "wengi". Kiswahili hakina neno moja la kawaida linalotenganisha wingi wa kuwapita wenzako mmoja mmoja na wingi wa kupita nusu ya wote. Yote mawili huitwa "wingi wa kura", na mshindi kwa namna zote mbili husemwa kuwa "amechaguliwa na wengi". Methali fupi "Wengi wape" nayo haielezi ni wengi wa namna gani wapewe.

Chukua mfano wa kubuni wa jimbo lenye wapiga kura 100. Mgombea wa kwanza anapata kura 40, wa pili 35, wa tatu 25. Kwa kanuni ya uchaguzi wa wabunge wa Tanzania, wa kwanza ni mshindi. Mtangazaji atasema kwamba wengi wamemchagua. Kwa maana ya kwanza ya neno, kauli hiyo ni kweli. Kwa maana ya pili ni kinyume cha kweli, kwani watu 60 walimkataa. Sentensi moja ya Kiswahili sanifu inakuwa kweli na uongo kwa wakati mmoja bila msikilizaji kupewa dalili yoyote.

Sheria yenyewe inalijua tofauti hili. Katika uchaguzi wa Rais wa 1995 mshindi alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura halali. Marekebisho ya Kumi na Tatu ya Katiba, ya mwaka 2000, yaliondoa sharti hilo na kuweka kwamba Rais ni yule mwenye kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Ni mabadiliko makubwa ya kikatiba, lakini katika lugha ya kila siku hayakuacha alama: kabla na baada yake, Rais alisemwa kuwa amechaguliwa na wengi.

4.0 Vipindi vya ushindani katika Usambara

4.1 Kabla ya kura

Habari za ufalme wa Wakilindi zimehifadhiwa katika Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mojawapo ya kazi kubwa za nathari ya Kiswahili, iliyochapishwa kwa sehemu kuanzia mwaka 1895. Humo Mbegha, mwindaji mgeni, anapata utawala kwa kuua nguruwe na kugawa nyama, na watu wanamkubali. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ushindani kati ya Shekulwavu wa Vuga na Semboja wa Mazinde uliugawa ufalme, na Wabondei wakaasi katika maasi yaliyojulikana kwa jina la Kiva.

Steven Feierman, katika vitabu vyake vya 1974 na 1990, ameonyesha kwamba Wasambaa walizungumza juu ya utawala kwa kutumia jozi ya maneno ya Kisambaa: "kuzifya shi", yaani kuiponya nchi, na "kubana shi", yaani kuiharibu. "Shi" ni neno la nasaba moja na "nchi" ya Kiswahili. Katika fikra hiyo, nchi hupona pale nguvu moja inaposimama juu ya nyingine zote. Mvua hunyesha na chakula hupatikana. Nguvu mbili zinazolingana zikipambana, nchi huharibika na njaa huingia.

Ni rahisi kutoka hapo na kudai kwamba Wasambaa kwa utamaduni wao hawapendi ushindani, na kwamba ndiyo sababu chama kimoja kimetawala siasa za milimani. Hoja hiyo haina budi kukataliwa, na sababu inapatikana katika ushahidi uleule wa Feierman. Jozi ya kuponya na kuharibu haikuwa mali ya watawala. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilipoanzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo katika bonde la Mlalo, na baadaye kuueneza Usambara, wakulima walilazimishwa kuchimba matuta katika mashamba ya milimani. Wakulima, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walitumia lugha hiyohiyo kumlaumu Kimweri Mputa Magogo, mfalme aliyeutekeleza mpango huo: kwamba nchi inaharibiwa, na anayeiharibu ndiye aliyepewa kazi ya kuiponya. Lugha ya umoja ikawa silaha ya wapinzani. Chama kilichoitwa Usambara Citizens' Union kilimpinga mfalme kabla ya TANU kujijenga milimani, na TANU ilipofika katikati ya miaka ya 1950 ilikuta hasira iliyokwisha kupata maneno yake.

4.2 Kutoka kura tatu hadi kupita bila kupingwa

Jimbo la Tanga lilikuwa miongoni mwa yale yaliyopiga kura katika awamu ya kwanza ya uchaguzi wa Tanganyika, Septemba 1958. Kanuni ilikuwa ya ajabu: kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki yenyewe ya kupiga kura ilitegemea kipato, elimu au cheo. TANU, baada ya mabishano makali katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ilikubali kushiriki, ikawaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu na kushinda.

Miaka miwili baadaye, katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Takwimu inayostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba katika viti 58 hapakupigwa kura kabisa, kwani palikuwa na mgombea mmoja tu. Hapa ndipo msemo "kupita bila kupingwa" unapata uzito wake katika siasa za nchi. Kitenzi ni "kupita", kana kwamba njia ilikuwa wazi tangu mwanzo. Na kinachokanushwa ni "kupingwa", kukingamiwa. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na kwa hatua hiyo ushindani wa ukoo wa Kilindi ukakosa jukwaa rasmi.

4.3 Jembe na nyumba

Katiba ya muda ya 1965 iliifanya TANU kuwa chama pekee Tanzania Bara. Uchaguzi wa Septemba mwaka huo uliweka utaratibu uliodumu kwa robo karne. Wanachama waliotaka ubunge walijadiliwa na kupigiwa kura na mkutano wa wilaya. Kisha vikao vya juu vikateua wawili kwa kila jimbo. Wawili hao walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, na wakazunguka pamoja jimboni katika mikutano ya kampeni iliyosimamiwa na chama. Rais alipigiwa kura ya ndiyo au hapana.

Utaratibu huo haukuwa igizo. Mwaka 1965 wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa, na baadhi yao walikuwa mawaziri. Lakini kwa mtazamo wa makala hii kuna jambo lingine la kuzingatia. Pale wagombea wanapokuwa wawili tu, anayempita mwenzake amepita pia nusu ya kura. Maana mbili za "wengi" zinakutana. Kwa miaka 25, kuanzia 1965 hadi uchaguzi wa 1990, mpiga kura wa Lushoto hakuwa na sababu ya kuzitenganisha, kwa kuwa tukio la kuzitenganisha halikuweza kutokea. Kizazi kizima kilijifunza neno "wengi" katika mazingira ambamo halikuwa na utata.

4.4 Vyama vingi

Mwaka 1992, kufuatia kazi ya tume iliyoongozwa na Jaji Francis Nyalali, vyama vingi viliruhusiwa. Kanuni ya ushindi wa mbunge haikubadilishwa. Kilichobadilika ni idadi ya wagombea. Tofauti kati ya maana mbili za "wengi", iliyolala kwa robo karne, ikaamka. Matokeo ya kitaifa ya viti vya majimbo yanaonyesha ukubwa wake:

1995: CCM ilipata asilimia 59 ya kura za ubunge na viti 186 kati ya 232, yaani asilimia 80.
2000: asilimia 65 ya kura, viti 202 kati ya 231, yaani asilimia 87.
2005: asilimia 70 ya kura, viti 206 kati ya 232, yaani asilimia 89.
2010: asilimia 60 ya kura, viti 186 kati ya 239, yaani asilimia 78.

Kwa vyama vingine, kilichoamua si kiasi cha kura bali mahali zilipopigwa. Mwaka 1995 NCCR-Mageuzi ilipata karibu asilimia 22 ya kura za ubunge na viti 16. CUF, kwa asilimia 5 tu, ilipata viti 24, vyote Zanzibar. Mwaka 2010 CHADEMA ilipata karibu asilimia 24 na viti 23 vya majimbo, huku CUF ikipata karibu asilimia 11 na viti 24. Viti maalumu vya wanawake, ambavyo kufikia wakati huo viligawanywa kwa uwiano wa kura, vilitoa sura tofauti kabisa: CCM 67, CHADEMA 25, CUF 10. Wapiga kura walikuwa walewale, na siku ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni kanuni ya kuhesabu.

5.0 Chama cha pili kilikwama wapi?

Kwa kufuata nadharia, kila eneo lilitarajiwa kupata chama chake cha pili, na maeneo kadhaa yalikipata. Pemba walikuwa na CUF. Kilimanjaro walianza na NCCR-Mageuzi, baadhi wakamfuata Augustine Mrema alipohamia TLP mwaka 1999, kisha CHADEMA ikachukua nafasi. Bariadi walikuwa na UDP ya John Cheyo. Katika mifano hiyo yote chama kilishikamana na kiongozi mwenye mizizi katika eneo, na mara nyingi wapiga kura walimfuata kiongozi hata alipobadili chama. Mwezi Machi 2019 Seif Sharif Hamad alipoiacha CUF na kujiunga na ACT-Wazalendo, wafuasi wake walilieleza tukio hilo kwa lugha ya mabaharia, "shusha tanga, pandisha tanga": chombo ni kilekile, kitambaa tu kimebadilishwa.

Usambara haikupata chombo cha namna hiyo. Sababu tatu zinaweza kupendekezwa.

Ya kwanza ni ya hesabu. Mkoa wa Tanga unakutanisha mikondo miwili. Upande wa pwani, CUF ilikuwa na mvuto wa muda mrefu na hatimaye ikatwaa Tanga Mjini mwaka 2015. Kutoka kaskazini, mkondo wa mageuzi wa Kilimanjaro na Arusha uliletwa na NCCR na baadaye CHADEMA. Lushoto iko kati ya mikondo hiyo. Kura zisizo za CCM zikigawanyika kati ya vyama viwili, kila kimoja hukosa dalili ya kushinda, na athari ya fikra aliyoieleza Duverger haipati pa kuanzia, kwani mpiga kura hajui ni nani wa kumkimbilia. Vyama vyenyewe vililitambua tatizo hili. Mwaka 2015 CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, chini ya mwavuli wa UKAWA, vilimsimamisha Edward Lowassa kuwa mgombea mmoja wa urais, ambaye alitangazwa kupata karibu asilimia 40, na vikakubaliana kuachiana majimbo. Lilikuwa jaribio la kuunda chama cha pili kwa makubaliano pale kilipokosekana kwa historia. Halikudumu baada ya uchaguzi.

Ya pili ni kwamba ushindani wa milimani ulikuwa na mahali pengine pa kwenda. Kura za maoni za CCM ni urithi wa moja kwa moja wa mkutano wa wilaya wa 1965. Mwaka 2010 chama hicho kiliwaruhusu wanachama wote kupiga kura hizo, na katika Bumbuli mbunge wa muda mrefu, William Shellukindo, alishindwa na January Makamba. Badiliko la mbunge lilikwisha kutokea kabla ya kampeni za vyama kuanza. Anayetafuta mfumo wa vyama wa Bumbuli katika matokeo ya uchaguzi mkuu wa mwaka huo anatafuta mahali pasipo na kitu. Mfumo ulikuwa ndani ya chama, na huko pia kanuni ni ileile: mwenye kura nyingi kuliko wenzake huongoza, hata wagombea wakiwa kumi na yeye akiwa na robo ya kura.

Hata hivyo, mahali hapo pa ushindani hapana ulinzi wa sheria ya uchaguzi. Vikao vya juu vya chama vina uwezo wa kumteua asiyeongoza, kama ilivyotokea katika majimbo mbalimbali nchini mwaka 2020. Mpiga kura asiye mwanachama hana sauti kabisa. Kwa hiyo, pale chama cha pili kinapokosekana, uamuzi husogea kutoka kwa raia wote kwenda kwa wanachama, na kutoka kwa wanachama kwenda kwa kikao.

Ya tatu ni ya lugha. Jina "mpinzani" linapoingia katika jamii ambayo wazee wake wanaijua jozi ya kuponya na kuharibu nchi, ni rahisi kwa mshindani wake kumweka upande wa uharibifu. Historia ya matuta inaonyesha kwamba mpinzani naye anaweza kuigeuza lugha hiyo, lakini ili afanye hivyo lazima awe na jambo la ardhi, la mvua au la mazao la kusemea, jambo ambalo mkulima analiona shambani kwake. TANU ilikuwa nalo. Vyama vya baada ya 1992 vilikuja milimani vikizungumza zaidi juu ya katiba, ufisadi na tume ya uchaguzi. Hayo ni mambo mazito, lakini hayakutafsiriwa katika lugha ya shamba.

Matukio ya miaka ya karibuni yameipeleka hali ya Lushoto nchi nzima. Kati ya 2017 na 2019 wabunge na madiwani kadhaa wa upinzani walihamia CCM kwa maelezo kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais. Mwaka 2020 CCM ilitangazwa kushinda majimbo 256 kati ya 264, matokeo ambayo vyama vikuu vya upinzani viliyakataa, na majimbo kadhaa yalipatikana bila kupingwa. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura. Ieleweke kwamba mabadiliko haya hayawezi kuelezwa kwa kanuni ya Duverger peke yake. Kanuni hiyo inahusu kura zilizopigwa na kuhesabiwa baina ya wagombea walioruhusiwa, na haina la kusema juu ya wale waliozuiwa mlangoni.

Sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 imeleta badiliko moja la kuvutia kwa mwanaisimu: mgombea aliyebaki peke yake hapiti tena moja kwa moja, bali hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Utaratibu uliotumika kwa Rais wakati wa chama kimoja umerudi kwa mlango wa ubunge. Msemo "kupita bila kupingwa" umepoteza msingi wake wa kisheria, ingawa hapana shaka utaendelea kuishi midomoni.

6.0 Pendekezo la istilahi

Upungufu wa neno haumnyimi mtu uwezo wa kufikiri, lakini humlazimu kufanya kazi ya ziada kila anapotaka kufikiri kwa usahihi. Mwalimu wa uraia, mwandishi wa habari na mfasiri wa sheria wote wanahitaji njia fupi ya kutofautisha wingi wa aina mbili. Makala hii inapendekeza "wingi wa kuzidi" kwa kura zilizo nyingi kuliko za mgombea mwingine yeyote, na "wingi wa nusu" kwa kura zilizopita nusu ya zote. Istilahi zote mbili zimeundwa kwa maneno ambayo mkulima wa Mlalo anayajua, na hazihitaji maelezo marefu. Mtangazaji akisema kwamba mgombea fulani ameshinda kwa wingi wa kuzidi, akiwa na kura 40 katika 100, msikilizaji anajua papo hapo kwamba kuna 60 ambazo hazikuwa zake.

Hali kadhalika, watafiti wangefaidika kwa kutumia "mshindani" kama jina la jumla la kila chama kinachogombea, na kuliacha "mpinzani" kwa shughuli mahususi ya kupinga hoja bungeni. Huko kupinga ni kazi halali inayofanywa hata na mbunge wa chama tawala.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mfumo wa vyama wa Usambara umebadilika mara tatu: kutoka ushindani wa ukoo wa kifalme, hadi vuguvugu la wakulima lililozaa nguvu ya TANU, hadi ushindani wa watu wawili ndani ya chama kimoja, na hatimaye vyama vingi ambamo ushindani wenye kuamua ulibaki ndani ya chama tawala. Rangi ya kiti haikubadilika tangu 1995, lakini mahali pa kukigombea palihama, na kila palipohama idadi ya waliohusika iliongezeka au ilipungua.

Kwa upande wa lugha, imebainika kwamba neno "wengi" lilifundishwa katika mazingira ya wagombea wawili na linaendelea kutumika katika mazingira ya wagombea wengi kana kwamba hakuna kilichotokea. Wilaya ya Lushoto, pamoja na Bumbuli, ilikuwa na wakazi 492,441 katika sensa ya 2012. Katika kila jimbo lake mshindi ni mmoja, na kura za walioshindwa hazipeleki mbunge wa jimbo popote. Hilo ni tokeo la kanuni iliyochaguliwa na wanadamu, na kanuni iliyochaguliwa inaweza kujadiliwa upya. Lakini mjadala wa haki hauwezi kuanza iwapo lugha inawahesabu waliokataa miongoni mwa waliokubali. Utafiti zaidi unahitajika katika majimbo ya Korogwe, Muheza na Mkinga, ambako milima inakutana na pwani na mikondo miwili ya kura iliyotajwa hapa inagusana, ili kupima kama hoja zilizotolewa juu ya Lushoto zinasimama pia pale ambapo chama cha pili kilikuwa karibu zaidi kuzaliwa.